Bastola Mbili na Kibali Ambacho Hakikuombwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Haki za Katiba Marekani

Kwa nini kisa hiki

Mjadala wa silaha nchini Marekani hauchelewi kugeuka makelele. Kuna wanaosema serikali inazinyemelea bunduki za raia kidogo kidogo, leo sheria hii, kesho kanuni ile, na mwisho wake Katiba itabaki karatasi. Wenzao wanajibu kwamba hakuna anayenyang'anywa kitu, ni hofu tu ya watu waliozoea kuogopa. Ukisikiliza pande zote mbili kwa saa nzima unaweza kutoka hujajua hata mtu mmoja aliyechukuliwa silaha, alichukuliwa vipi, na alizipataje tena.

Nimechagua tukio moja ambalo silaha zilichukuliwa kweli, na polisi, ndani ya nyumba ya mtu ambaye hakushtakiwa kwa kosa lolote. Lilianza kwa ugomvi wa mke na mume, likaishia Mahakama ya Juu ya Marekani. Majina ya wahusika na ya mji wao nimeyaacha. Mume nitamwita Bwana M. Maelezo ni yale yaliyomo katika kumbukumbu za mahakama, na pale ambapo pande mbili zinapingana nitasema.

Usuli

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791 pamoja na mengine tisa, yanalinda haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa zaidi ya karne mbili wanasheria walibishana kama haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja au ni ya wanamgambo wa majimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia v. Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba ni ya mtu binafsi, na kwamba kiini chake ni kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya McDonald iliyotoka Chicago, haki hiyo ikatangazwa kuyafunga majimbo na miji pia, si serikali ya shirikisho peke yake. Kwa hiyo kisa hiki kilipotokea, mwaka 2015, haki ya Bwana M. ya kuweka bastola zake chumbani haikuwa na ubishi.

Msomaji wa Kenya au Tanzania inabidi abadilishe miwani hapa. Kwetu bunduki ni jambo la leseni. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania kuna sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Mwenye bastola Nairobi au Arusha anajua kwamba cheti chake ni ruhusa, na ruhusa hufutwa. Anayetaka silaha ndiye anayejieleza kwa nini anaihitaji. Marekani mambo yamegeuzwa: serikali ndiyo inayojieleza kwa nini inamzuia.

Ila bastola ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni Marekebisho ya Nne, ambayo sisi tunayaelewa vizuri zaidi kwa sababu tuna ndugu zake: Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inayomlinda mtu dhidi ya kupekuliwa nyumba yake na kuchukuliwa mali yake, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania kuhusu faragha ya mtu na makazi yake. Marekebisho ya Nne yanawataka maofisa wa serikali wasipekue wala kukamata bila sababu ya maana, na kwa upande wa nyumba kanuni ni kwamba uje na kibali cha jaji. Kanuni hiyo ina mianya iliyokubaliwa. Mwenye nyumba akiridhia, polisi wataingia. Kukiwa na dharura ya kweli, mtu anavuja damu, nyumba inaungua, wataingia pia.

Mwanya uliozaa kisa hiki ulifunguliwa mwaka 1973, katika kesi ya Cady v. Dombrowski, na ilikuwa habari ya gari. Askari wa Chicago ambaye hakuwa zamu alipata ajali Wisconsin akiwa amelewa, akiendesha gari la kukodi. Polisi wa huko waliamini kwamba ana bastola yake ya kazi, na hawakuikuta mwilini mwake. Gari lilikuwa limevutwa hadi gereji ya mtu binafsi, halina mlinzi. Wakalifungua buti kuitafuta bastola hiyo isije ikaangukia mikononi mwa wahuni. Badala ya bastola wakakuta vitu vyenye damu, na vitu hivyo vikamfikisha mwenye gari kwenye hatia ya mauaji. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema upekuzi ule ulikuwa halali kwa sababu polisi wana kazi nyingine zisizohusiana na kusaka uhalifu: kuondoa magari yaliyoharibika barabarani, kusaidia majeruhi, kuhakikisha silaha haiachwi ovyo. Kazi hizo zikaitwa uangalizi wa jamii.

Katika miaka iliyofuata mawakili wa polisi walianza kuuvuta uangalizi huo kutoka gereji hadi sebuleni. Baadhi ya mahakama za rufaa zilikubali, nyingine zikakataa.

Tukio lenyewe

Agosti 2015, katika jimbo dogo la Rhode Island. Bwana M. alikuwa ameshavuka miaka 60, ameoa miaka mingi, hana rekodi ya uhalifu. Kwa maelezo yaliyofika mahakamani, ugomvi ulianzia kwenye kikombe cha kahawa. Walioishi kwenye ndoa wanajua kwamba kikombe hakikuwa tatizo.

Maneno yalipopanda, Bwana M. aliingia chumbani, akatoka na bastola, akaiweka juu ya meza ya chakula na kumwambia mkewe ampige risasi sasa hivi yaishe. Bastola haikuwa na risasi, lakini mke hakulijua hilo kwa wakati ule. Hakuigusa ili kufanya alichoambiwa. Baadaye alifungasha vitu vyake akaenda kulala hotelini.

Asubuhi alimpigia mumewe simu, haikupokelewa. Akili ya mtu katika hali hiyo inakwenda mahali pamoja tu. Akapiga simu polisi akaomba waende naye nyumbani kumwangalia kama yuko salama. Hakuripoti kosa. Hakuomba mumewe akamatwe. Aliwaambia kwamba hofu yake ni juu ya uhai wa mume, si juu ya usalama wake yeye.

Walimkuta Bwana M. mzima, wakazungumza naye kibarazani. Alikubali kwamba maneno yale ya jana aliyasema. Alikana kwamba alitaka kujiua. Maofisa hawakumwona kwa jicho moja: kuna aliyemwona mtu wa kawaida, mtulivu, na kuna aliyeona amekasirika. Sajini aliyekuwa kiongozi wao aliamua kwamba mtu huyu ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Ambulensi ikaitwa.

Hapa ndipo maelezo yanapoachana. Bwana M. anasema alikubali kwenda hospitali kupimwa akili kwa sharti moja, kwamba silaha zake hazitaguswa, na kwamba maofisa walimwahidi hivyo. Alipanda ambulensi kwa miguu yake. Ilipoondoka, maofisa waliwasiliana na mkubwa wao kwa simu, wakapata ruhusa, wakaingia ndani. Mke ndiye aliyewaonyesha silaha zilipo. Kwa madai ya Bwana M., mkewe aliambiwa kwamba mumewe ameridhia zichukuliwe, jambo ambalo si kweli. Zikaondoka bastola mbili pamoja na risasi zake.

Hospitali walimwona wakamruhusu siku hiyo hiyo. Hakulazwa.

Alirudi nyumbani bila bastola na bila karatasi ya mahakama inayoeleza kwa nini hana. Juhudi za kuzidai kwa njia ya kawaida hazikufika popote, zikaja kurudishwa baada ya miezi kadhaa na baada ya wakili kuingia kati. Bwana M. akafungua kesi ya madai dhidi ya mji na maofisa wake kwa kuvunja haki zake za kikatiba.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Kuna maamuzi matatu hapa, na kosa linalofanywa na wengi wanaokisimulia kisa hiki ni kuyachanganya.

La kwanza ni la mke kupiga simu. Sioni namna ya kumlaumu.

La pili ni la kumpeleka mume hospitali. Hili lina utetezi mzuri. Watu wanaosoma habari za bunduki Marekani hufikiria mauaji ya shuleni, lakini vifo vingi vya risasi nchini humo ni vya watu waliojiua: mwaka 2021, katika vifo 48,830 vilivyotokana na silaha za moto, 26,328 vilikuwa vya kujiua. Zaidi ya nusu. Sajini anayemwacha kibarazani mzee aliyeweka bastola mezani jana yake na kuomba apigwe risasi, halafu mzee huyo ajiue jioni, atabeba swali hilo maisha yake yote. Ofisa aliyehofia kifo hapa hakuwa anatafuta kisingizio.

La tatu ni la kuingia ndani baada ya ambulensi kuondoka. Hapo hesabu inabadilika kabisa. Mtu anayeogopewa hayupo, yuko hospitalini chini ya macho ya wahudumu. Mke yuko na polisi. Hakuna damu, hakuna kelele, hakuna saa inayokimbia. Dharura iliyokuwepo kibarazani ilipanda ambulensi pamoja na Bwana M. Kilichobaki ni wasiwasi wa kesho: atakaporudi, bastola zitakuwa zinamsubiri.

Wasiwasi wa kesho ni jambo la kupeleka kwa jaji, na hapa inabidi niseme kitu kwa upande wa sajini ambacho watetezi wa haki ya silaha hawapendi kukisikia. Mwaka 2015 Rhode Island haikuwa na sheria ya kumwezesha ofisa kumwomba jaji amri ya kuondoa silaha kwa muda kutoka kwa mtu aliye hatarini. Kibali cha kawaida cha upekuzi hutolewa pale kuna kosa linalochunguzwa, na kuweka bastola isiyo na risasi juu ya meza yako mwenyewe ukisema maneno ya kukata tamaa hakukuonwa na yeyote kuwa kosa la kufungulia jalada. Sajini alikuwa na tatizo halisi, na sheria haikumpa ofisi ya kulipeleka. Akalitatua mwenyewe.

Alikuwa na njia nyingine? Ndiyo. Angeweza kumweleza mke ukweli na kumwachia uamuzi, kwani nyumba ilikuwa yake pia. Mke angeweza kuzichukua bastola na kuzipeleka kwa ndugu. Njia hiyo isingehitaji kibali chochote. Inahitaji tu kumwambia mtu ukweli, na madai yaliyokuwepo ni kwamba hilo halikufanyika.

Mahakamani

Mahakama ya wilaya ya shirikisho iliwapa polisi ushindi kwenye hoja ya Marekebisho ya Nne. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa iliyoko Boston ikakubaliana nayo. Namna ilivyokubaliana ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Mji haukujitetea kwa ridhaa ya mke, wala haukusema kulikuwa na dharura. Ulisimama juu ya nguzo moja, uangalizi wa jamii, na mahakama ya rufaa ikasema sawa, mwanya wa gari la Wisconsin unafaa nyumbani pia, mradi ofisa ana nia njema na anafanya jambo ambalo akili timamu inalikubali.

Pima uzito wa kauli hiyo. Nani atakosa nia njema? Ukiruhusu polisi waingie nyumbani kila wanapofanya jambo la busara kwa ajili ya usalama wa mtu, umeruhusu karibu kila kitu, kwa sababu hakuna ofisa atakayeandika kwenye ripoti kwamba aliingia kwa ubaya.

Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja Machi 24, 2021. Jaji Mkuu Roberts alileta mfano wa bibi aliyealikwa chakula cha jioni kwa majirani, hakutokea, wala simu hapokei: je, polisi wakiombwa kumwangalia wasimame mlangoni wakisubiri kibali? Ni mfano mzuri na ulirudi tena katika maandishi ya majaji. Serikali ya Rais Biden ilijiunga na upande wa polisi. Upande wa Bwana M. walikaa pamoja ACLU, shirika linalotetea uhuru wa raia, na Cato Institute, kituo cha utafiti kinachotaka serikali ndogo, taasisi mbili ambazo kwa kawaida hazionani kwenye meza moja.

Matokeo

Hukumu ilitolewa Mei 17, 2021, kwa kauli moja, majaji 9 kwa 0. Iliandikwa na Jaji Thomas na haizidi kurasa chache. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: kesi ya 1973 ilihusu gari lililovutwa, na yenyewe ilitaja waziwazi kwamba gari si nyumba. Kwamba polisi wana kazi za kiraia ni kweli, lakini kuwa na kazi hizo hakuwapi ruhusa ya jumla ya kuzifanyia popote. Uamuzi wa Boston ukafutwa na kesi ikarudishwa chini.

Majaji watatu waliandika maoni ya nyongeza. Roberts, akiungwa mkono na Breyer, alikumbusha kwamba mlango wa dharura haujafungwa: polisi wanaweza kuingia kumsaidia aliyejeruhiwa au anayekaribia kujeruhiwa. Kavanaugh alieleza kwa mifano kwamba mtu anayejiua sasa hivi, au mzee aliyeanguka nyumbani peke yake, bado anaweza kufikiwa bila kibali. Alito alitaja maswali yanayobaki, na nitayarudia.

Ushindi huo ulimpa Bwana M. nini mkononi? Bastola alikuwa nazo tangu zamani. Fidia hukumu hiyo haikutoa. Ilichompa ni kanuni, karibu miaka sita baada ya ambulensi kuondoka.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mkakati wa mawakili wake ulikuwa wa akili. Wangeweza kuyafanya Marekebisho ya Pili kuwa bango la kesi na kujaza ukumbi kwa hisia za bunduki. Badala yake, mbele ya Mahakama ya Juu waliuliza swali la Marekebisho ya Nne: mwanya wa gari unaingia nyumbani au hauingii? Swali hilo halina chama. Ndiyo maana Sotomayor na Kagan, majaji wa mrengo wa kiliberali, walipiga kura pamoja na Thomas na Alito wa mrengo wa kihafidhina bila hata mmoja kupinga. Kama lingeulizwa swali la silaha, ningeshangaa kuona kura 9.

Hukumu ile, ambayo wenye bunduki waliishangilia kama yao, kwa hakika haikuamua lolote kuhusu haki ya kumiliki bunduki. Ingekuwa polisi wamechukua vitabu, dawa au kompyuta, jibu lingekuwa lile lile.

Kilichoshindikana

Ahadi. Kama kweli maofisa walimwahidi mtu kibarazani kisha wakafanya kinyume dakika chache baadaye, basi wameharibu kitu kikubwa kuliko kesi moja. Mtu mwenye msongo wa mawazo anayekubali mwenyewe kwenda hospitali ni mafanikio. Ukimfundisha kwamba kukubali kunamgharimu, wa pili hatakubali. Na mke atakayejifunza kwamba simu ya kuomba msaada inaishia mumewe kunyang'anywa mali na kesi ya miaka, atafikiri mara mbili kuipiga. Katika hukumu zote nilizosoma za kisa hiki, mke ndiye mtu anayezungumziwa kidogo zaidi, ingawa kila kitu kilipita mikononi mwake.

Na kurudisha. Kuchukua kulihitaji simu moja kwa mkubwa wa kazi. Kurudisha kulihitaji wakili na miezi. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa nani anaombwa, kwa fomu gani, na lazima ajibu lini. Mtu asiye na pesa ya wakili angekaa bila mali yake hadi lini? Haki nyingi hufia dirishani pa ofisi, ambako anayedai anaambiwa aje wiki ijayo.

Je, haki zinamegwa?

Ukiitazama haki ya silaha peke yake, madai kwamba inaliwa kidogo kidogo hayasimami. Tangu 2008 imepanuka. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu iliangusha sharti la New York lililomtaka mtu athibitishe haja maalumu kabla ya kupewa ruhusa ya kubeba bastola hadharani, na ikaagiza kwamba kila sheria ya silaha ipimwe kwa historia ya nchi. Zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanaruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila leseni yoyote. Juni 2024, katika kesi ya Cargill, mahakama ilifuta marufuku ya serikali dhidi ya kifaa kinachofanya bunduki ya kawaida ifyatue kwa kasi inayokaribia ya bunduki ya rashasha, kwa hoja kwamba ofisi iliyoweka marufuku hiyo ilivuka mipaka ya sheria iliyopewa. Mtu anayesema bunduki zinatoweka hajatazama ramani.

Lakini kumega kupo. Kunatokea mahali ambapo mashabiki wa bunduki hawakukodolea macho, kwenye mianya ya upekuzi. Mwanya wa 1973 ulitolewa kwa sababu ya gari lililolala gereji na bastola inayoweza kuibwa. Miaka 42 baadaye ulikuwa unatumika kuingia nyumbani kwa mzee bila kibali. Hakuna bunge lililopiga kura kuupeleka huko. Hakuna gavana aliyehutubia. Kila hatua ilikuwa ndogo, ilikuwa na maelezo ya kueleweka, na ilifanywa na watu wasiokusudia kumnyima mtu chochote. Hivyo ndivyo ninavyoelewa neno kumega linapotumiwa kwa usahihi.

Mstari ambao majaji wanaonekana kuushika haupimi ukubwa wa kizuizi. Unapima nani ameamua, na lini. Linganisha kisa hiki na kesi ya Rahimi ya Juni 2024. Mtu wa Texas aliwekewa amri ya mahakama ya kumlinda mwanamke aliyezaa naye, kwa sababu ya ukatili. Akiwa chini ya amri hiyo sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha. Alipinga kwa Marekebisho ya Pili. Alishindwa kwa kura 8 dhidi ya 1, na aliyepinga peke yake alikuwa Thomas, yule yule aliyemwandikia Bwana M. ushindi. Kizuizi cha Texas kilikuwa kikali kuliko bastola mbili kukaa polisi kwa miezi, ila nyuma yake kulikuwa na jaji aliyethibitisha kwa maandishi kwamba mtu huyu ni tishio kwa mwili wa mwingine. Nyuma ya upekuzi wa Rhode Island kulikuwa na simu kwa mkubwa wa kazi.

Kwa wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, kuna jambo moja ndani ya kisa hiki lenye matokeo ya moja kwa moja. Sheria ya shirikisho inamfungia silaha mtu aliyelazimishwa na mamlaka kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Kwenda mwenyewe hospitali, au kuwekwa chini ya uangalizi ili upimwe, hakuhesabiwi hivyo. Nimewasikia Wakenya na Wakongo wa huko wakiogopa kumpeleka kijana hospitali kwa sababu "atawekwa kwenye orodha." Hofu hiyo inachanganya mambo mawili tofauti. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki silaha. Aliyeingia kwa viza ya muda au asiye na kibali cha kukaa, kwa kawaida hapana, na kwa huyo kwenda hospitali hakubadilishi chochote kuhusu silaha.

Kisa hiki kingetokea leo

Mwaka 2018, baada ya mauaji ya shule ya Parkland huko Florida, Rhode Island ilipitisha sheria ya aina inayoitwa ya bendera nyekundu. Connecticut ilitangulia tangu 1999 na Indiana 2005. Sasa ziko katika majimbo zaidi ya 20, ikiwemo Florida, ambako ilisainiwa na gavana wa chama cha Republican. Chini ya sheria ya Rhode Island, sajini wetu angeandika kiapo, akakipeleka mbele ya jaji, akaomba amri ya muda. Jaji angeweza kuitoa siku hiyo hiyo. Bwana M. angeitwa kujieleza ndani ya siku 14, na kama jaji angeridhika kwa ushahidi wa wazi na wenye nguvu, silaha zingezuiwa kwa mwaka mmoja.

Nikilinganisha na kilichotokea 2015, ni utaratibu bora: kuna karatasi, kuna jina la aliyeamua, kuna tarehe ya kusikilizwa, kuna mwisho. Lakini mwenye silaha anaposikia kwamba nyumba yake itaingiwa kwanza na yeye atasikilizwa baadaye, kwa maneno ya ofisa peke yake, ana sababu ya kuuliza kama amri hiyo inatosheleza Marekebisho ya Nne. Jaji Alito aliona swali hilo likija. Katika nyongeza yake ya 2021 alizitaja sheria hizi, akasema zinaweza kupingwa na huenda zikafika mbele yao, na kwamba hukumu ya siku ile haikuzigusa.